Kampuni yenye matawi: Excel ya kutumiana, jedwali la mtandaoni, programu ya uhasibu au mfumo mmoja?

Chukua msambazaji wa pembejeo za kilimo. Ghala kuu liko Dar es Salaam, matawi yako Makambako, Mbeya na Tunduma. Anauza mbolea, mbegu na viuatilifu kwa wenye maduka, wengi wao kwa mkopo. Ikifika Novemba, mvua zikikaribia Nyanda za Juu Kusini, simu hazikatiki. Tunduma wanataka urea. Mbeya wanayo, ila wanasema imeshaahidiwa mteja. Dar inasoma kwenye karatasi yake kwamba Mbeya kuna mifuko mia sita, kumbe mia nne ilitoka juzi. Bosi anamuuliza mhasibu, mhasibu anampigia karani wa stoo, na karani anajibu, "Nipe nusu saa nikahesabu."

Biashara ya namna hii haina upungufu wa taarifa. Kila kitu kimeandikwa, tena mara nyingi: kwenye daftari la stoo, kwenye mashine ya EFD inayotoa risiti za kodi, kwenye kitabu cha madeni cha tawi, kwenye Excel ya mhasibu. Shida ni kwamba maandishi hayo hayakubaliani, na hakuna aliyepewa mamlaka ya kusema lipi ndilo.

Kwa hiyo kabla ya bei na kabla ya sura ya skrini, mimi hupima kila njia kwa swali moja. Je, inaruhusu tukio liandikwe mara moja tu, na mtu aliyeliona, kisha wengine wote wasome palepale alipoandika? Njia nne zilizopo hapa chini zinatofautiana sana kwenye jibu la swali hilo.

Excel inayotumwa kwa WhatsApp

Hii ndiyo imeenea kuliko zote, na si kwa uvivu. Karani anaijua tayari. Wakati wa kuandika haihitaji intaneti. Bando dogo la jioni linatosha kutuma faili. Haidai ada mpya. Kwa duka moja lenye karani mmoja, na mwenye mali anayepita kila jioni, sioni sababu ya kuiacha.

Maumivu huanza tawi la pili linapofunguliwa. Kila faili linalotumwa ni nakala, na nakala mbili hazisubiriani. Mbeya wanatuma "Stoki Novemba". Dar wanarekebisha mistari miwili na kuliita "Stoki Novemba mpya", hawalirudishi. Kesho yake Mbeya wanaendelea na lile lao na kulituma tena. Kila mmoja amefanya kazi yake kwa uaminifu, na kampuni sasa ina stoki mbili za Novemba.

Halafu kuna kasoro zinazopita kimya kimya. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, ilhali Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba na zinazobaki inazigeuza sifuri. Karani akiandika vitambulisho vya wateja wa mkopo bila vistari, kwenye safu ambayo haikupangwa kuwa ya maandishi, ataishia na orodha ya vitambulisho ambavyo havina mwenyewe. Namba ya simu inayoanza na 0 hupoteza sifuri hiyo. Tarehe 03/04, ambayo kwetu ni Aprili 3, kwenye kompyuta iliyoachwa na mpangilio wa Kimarekani inasomwa Machi 4. Ikifika 13/04 kompyuta hiyo haioni tarehe tena, inaona maneno tu, na mauzo ya siku hiyo yanakosekana kwenye jumla ya mwezi.

Taasisi kubwa nazo zimeumizwa na njia hii ya kupitisha mafaili. Kati ya Septemba 25 na Oktoba 2, 2020, wagonjwa 15,841 wa korona nchini Uingereza hawakuingia kwenye takwimu za kila siku wala kufikishwa kwa wakati kwa waliokuwa wakifuatilia watu waliokutana nao. Public Health England, taasisi ya afya ya jamii ya huko, ilikuwa ikipitisha majibu ya maabara kwenye faili za Excel za aina ya zamani, ambazo mwisho wake ni mistari 65,536. Iliyozidi hapo ikaachwa nje. Aina mpya inabeba mistari 1,048,576, lakini fundisho la tukio lile haliko kwenye wingi wa mistari. Data ilikuwa inahamishwa kutoka chombo kimoja kwenda kingine, na hakuna aliyekuwa akilinganisha idadi iliyotoka na iliyofika.

Ukilazimika kubaki na Excel, fanya basi hilo: kila anayetuma aandike kwenye ujumbe idadi ya mistari na jumla ya mifuko, na anayepokea azihakiki kabla ya kutumia.

Jedwali moja la mtandaoni

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu naamini kampuni nyingi za matawi machache zinairuka hatua hii na kukimbilia mfumo wa mamilioni, wakati kinachozikwamisha kingeweza kutatuliwa hapa.

Kwenye Google Sheets au Excel ya mtandaoni ya Microsoft, hakuna faili linalosafiri. Jedwali ni moja na kila tawi linafungua lilelile. Google Sheets inabeba seli milioni 10 na kuruhusu watu hadi 100 kuhariri kwa wakati mmoja. Msambazaji wetu hafiki huko leo wala kesho. Inatunza pia historia ya mabadiliko: nani kagusa seli gani, lini, na ilikuwa imeandikwa nini kabla. Ugomvi mwingi kati ya stoo na uhasibu unakwisha kwa kufungua historia hiyo mbele ya wote wawili.

Lakini jedwali la mtandaoni likiendeshwa kwa mazoea ya Excel ya zamani litavurugika haraka zaidi, maana sasa wavurugaji wameongezeka. Mambo mawili ndiyo yanayoliokoa.

La kwanza, karani asipewe seli ya salio aibadilishe. Apewe orodha ya matukio. Mzigo ukiingia anaongeza mstari, ukitoka anaongeza mstari: tarehe, tawi, namba ya bidhaa, umeingia au umetoka, idadi, namba ya hati, jina lake. Salio linakokotolewa na fomula kwenye ukurasa mwingine ambao umefungwa asiuguse. Akikosea hafuti, anaongeza mstari wa kusahihisha wenye maelezo. Kwa utaratibu huo salio la mifuko mia sita haliwi neno la mtu. Yeyote anaweza kulifuata nyuma, hati kwa hati, mpaka siku mzigo uliposhushwa.

La pili ni orodha ya bidhaa. Kwa binadamu, "UREA 50", "Urea kg 50" na "Yuria mfuko mkubwa" ni kitu kimoja. Kwa kompyuta ni bidhaa tatu. Vipimo ni hatari zaidi ya majina. Tawi likiandika limepokea mifuko 80 ya DAP, ni tani 4 au tani 2? Mbolea huuzwa kwa mifuko ya kilo 50 na ya kilo 25, na neno "mfuko" peke yake halisemi ni upi. Kila bidhaa kwa kila kipimo ipewe namba yake, karani achague kutoka kwenye orodha badala ya kuandika kwa mkono, na awepo mtu mmoja tu mwenye ruhusa ya kuongeza bidhaa mpya. Fanya vivyo hivyo kwa wateja. Huyo mtu si lazima awe wa kompyuta. Mkuu wa stoo anayeijua mbolea anafaa kuliko kijana anayeijua programu.

Sekta ya afya imeshapita njia hii. Kenya ilisambaza DHIS2, mfumo wa mtandaoni wa takwimu za afya, nchi nzima mwaka 2011, Tanzania nayo inaitumia, na takwimu za maelfu ya vituo zinajumlishwa humo kila mwezi. Hesabu hiyo isingewezekana bila kila kituo cha afya kuwa na utambulisho wake kwenye rejesta moja ya taifa, maana zahanati zinazoshiriki jina ni nyingi. Kampuni ya mbolea inahitaji nidhamu ileile, kwa kipimo chake.

Udhaifu wa jedwali la mtandaoni upo, na ni vizuri uujue mapema. Unaweza kumzuia mtu asibadilishe ukurasa, lakini huwezi kumzuia kusoma ukurasa mmoja wa faili aliloruhusiwa kulifungua, kuuficha hakutoshi. Bei za kununulia na mishahara vikae kwenye faili jingine kabisa. Pia angalia faili limefunguliwa kwa akaunti ya nani. Likiwa kwenye barua pepe binafsi ya karani, siku anapoacha kazi rekodi za kampuni zinabaki mikononi mwake. Lipia akaunti za jina la kampuni, hata kama ni tatu tu.

Na intaneti. Mei 12, 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika na sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ikakaa na mtandao wa kusuasua kwa siku kadhaa. Google Sheets inaweza kutayarishwa ifanye kazi bila mtandao kwenye kompyuta, ila lazima uitayarishe kabla, na wenzako hawatayaona uliyoandika mpaka mtandao urudi. Daftari la dharura kila tawi, lenye safu zilezile za jedwali, liwepo mezani.

Mwisho wa uwezo wa jedwali unaonekana pale tukio moja linapogusa vitabu vitatu. Mteja wa Makambako amechukua mifuko 30 kwa mkopo na kulipa kidogo kwa M-Pesa. Stoki imepungua, deni limepanda, fedha zimeingia. Kwenye jedwali karani ataandika mara tatu, na siku ya msongamano ataandika mara mbili.

Programu ya uhasibu

Tally ya Wahindi wa Bengaluru na QuickBooks ya Wamarekani zimeota mizizi katika ofisi zetu, na wahasibu wengi wanazijua. Kwa vitabu, VAT, madeni na hesabu za mwisho wa mwaka hazina mpinzani kati ya hizi nne. Invoisi ikiingizwa, mauzo, deni na stoki vinasogea pamoja.

Kasoro iko kwenye mahali inapowekwa. Mara nyingi inakaa kwenye chumba cha mhasibu Dar es Salaam, na matawi yanatuma makaratasi. Anayeandika tukio si yule aliyeliona, na anaandika baada ya wiki. Namba zake ni sahihi za wiki iliyopita. Ukiweza kulipia watumiaji wa matawini na kuwawekea mipaka ya wanachoruhusiwa kuona, programu hizi zinaweza kuitosha kampuni inayonunua na kuuza tu.

Mfumo mmoja wa biashara nzima

Odoo kutoka Ubelgiji na ERPNext kutoka Mumbai ndiyo mifumo inayotajwa sana kwa kampuni za ukubwa wa kati, kwa sababu yote miwili ina toleo huria lisilolipiwa leseni. Tazama vizuri unachopewa: kwenye Odoo, uhasibu kamili uko katika toleo la kulipia kwa kila mtumiaji, la bure lina invoisi tu. ERPNext inakuja na uhasibu wake humohumo.

Uzuri wa mfumo ni kwamba unalijibu swali langu la mwanzo moja kwa moja. Karani wa Mbeya anaandika oda. Mfumo unaangalia stoki ya Mbeya na kikomo cha mkopo cha mteja, unatoa hati ya kutolea mzigo, na mfuko ukitoka stoo invoisi na deni vinafuata bila kuandikwa upya. Dar inaona muda huohuo.

Gharama yake kubwa haiko kwenye leseni. Iko kwenye mtaalamu wa kuufunga, seva, mafunzo, na zaidi ya yote kusafisha orodha za zamani. Ukimwaga mle ndani wateja elfu mbili ambao nusu yao wamejirudia kwa majina tofauti, utakuwa na fujo ileile kwenye skrini nzuri. Hesabu ya stoki ifanyike kwa mkono, mfuko kwa mfuko, siku ya kuanza. Njia ya zamani na mpya ziende pamoja mwezi mmoja, kisha ya zamani ifungwe kwa tarehe iliyotangazwa.

Bosi naye ana nafasi ya kuuua mfumo. Akiendelea kuomba ripoti kwa Excel kwenye WhatsApp, na akaipokea, makarani watajua kipi kinamridhisha. Watajaza Excel kwanza, mfumo wakipata nafasi. Ndani ya miezi michache mfumo utakuwa nyuma, kisha itasemwa kwamba haufai. Bosi afungue mfumo mwenyewe, na aulize maswali kutokana na alichokiona humo.

Swali jingine la kumbana muuzaji wa mfumo ni risiti ya kodi. Tanzania mauzo yanadai risiti ya EFD, Kenya yanapitia eTIMS, mfumo wa invoisi za kodi wa KRA, mamlaka ya mapato ya huko. Muulize kama mfumo wake unatoa risiti hiyo wenyewe, au karani atapiga mauzo kwenye mfumo kisha ayapige tena kwenye mashine. Likiwa la pili, tukio linaandikwa mara mbili, na mwisho wa mwezi vitu hivyo viwili havitalingana. Mtake aoneshe risiti ikitoka, mbele yako.

Kwa haraka, hivi ndivyo zinavyosimama zikipangwa pamoja:

| | Mbeya ikiuza mifuko 40, Dar inajua lini | Mauzo ya mkopo yanaandikwa mara ngapi | Mtandao ukikatika |
|---|---|---|---|
| Excel ya kutumiana | Faili likitumwa, na likifunguliwa | Mara tatu au zaidi | Kazi inaendelea, kutuma kunasubiri |
| Jedwali la mtandaoni | Dakika hiyohiyo | Mara mbili au tatu | Daftari la dharura, au hali ya nje ya mtandao |
| Programu ya uhasibu | Mhasibu akishaingiza | Mara moja, baada ya karatasi ya tawi | Ikiwa kwenye kompyuta ya ofisi, haiathiriki |
| Mfumo mmoja | Dakika hiyohiyo | Mara moja, kama risiti ya kodi imo | Kaunta ya mauzo ya Odoo huendelea ikiwa ilishafunguliwa; sehemu nyingine husimama |

Sheria ya taarifa binafsi inabadilisha hesabu

Orodha ya wadaiwa ina majina, simu na namba za vitambulisho vya watu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake inasajili wanaokusanya na kuchakata taarifa hizo. Kenya na Uganda zilitunga sheria zao mwaka 2019.

Kwa kipimo hicho Excel ya WhatsApp ndiyo dhaifu kuliko zote. Orodha ikishatumwa kwenye kundi inabaki kwenye simu ya kila aliyewahi kuwamo, pamoja na walioacha kazi, na hakuna namna ya kuirudisha. Kwenye jedwali la mtandaoni au mfumo unaondoa ruhusa ya mtu siku anapoondoka. Ila data ikikaa kwenye seva za nje ya nchi, sheria ina masharti ya kusafirisha taarifa, hivyo mwanasheria aulizwe kabla ya kuhamia. Ukiweka seva yako mwenyewe, ulinzi na nakala rudufu ni juu yako. Nakala mojawapo ikae nje ya jengo hilo.

Kiwanda kikiomba mauzo kwa kila mkoa, au benki ikitaka kujua hali ya madeni, wape jumla bila majina. Hawahitaji faili zima, na mteja wako hakukupa kitambulisho chake ili kizunguke.

Ningechagua hivi

Duka moja, karani mmoja: Excel, safu za vitambulisho na simu zikipangwa kuwa maandishi na tarehe zikiandikwa kwa mpangilio mmoja.

Matawi mawili hadi manne yanayouza zaidi kwa fedha taslimu: jedwali la mtandaoni lenye orodha ya matukio, pamoja na programu ya uhasibu kwa mhasibu. Mkuu wa stoo akabidhiwe orodha ya bidhaa kwa barua, ijulikane ni kazi yake.

Mkopo ukiwa ndiyo sehemu kubwa ya mauzo, na mzigo ukihama kati ya matawi kila wiki, jedwali halitoshi. Nenda kwenye mfumo mmoja. Dalili ya kwamba umefika hapo ni mhasibu kutumia siku nzima nzima za mwisho wa mwezi akilinganisha karatasi za matawi badala ya kuzisoma zinasema nini.

Msambazaji wetu yuko kwenye kundi hili la tatu, lakini asifunge mfumo Novemba. Msimu wa kupandia na wa kukuzia unabeba mauzo yake mengi, na makarani hawana muda wa kujifunza. Msimu huu aanze na jedwali, ili namba za bidhaa na za wateja zizoeleke midomoni mwa watu. Mwezi Mei, maghala yakiwa karibu matupu na kuhesabu kukiwa kwepesi, orodha hizo ambazo tayari ni safi zihamishiwe kwenye mfumo, tawi la Mbeya likianza peke yake. Tunduma ifuate mwisho, baada ya kuwekewa laini ya pili ya intaneti ya mtandao tofauti wa simu.